UZI: Hakuna binadamu aliyefika kwenye nyota, sasa joto lake tumelijuaje?

Mleta uzi

Wakuu salaam,

Juzi umeme ulikatika kitaani kwetu, ule wa kukatika kuanzia magharibi mpaka watu wanalala, tukatoa mkeka nje na madogo. Si unajua giza likikolea nyota zinashuka mpaka unahisi ukiruka unazigusa. Mtoto wa dada yangu yuko darasa la 6, akanyoosha kidole juu akasema mjomba ile mbona nyekundu alafu ile mbona nyeupe? Alikuwa anaonyesha zile nyota 3 zilizojipanga mstari, ambazo mwezi wa 1 ikifika saa 3 usiku zinakuwa karibu na utosi. Upande wa kaskazini wa ule mstari kuna nyota nyekundu inaitwa Betelgeuse, upande wa kusini kuna nyeupe inayovuta kwenye bluu inaitwa Rigel (jina limetoka kwenye Kiarabu rijl, mguu, kwa hiyo hata wazee wa madrasa wanalo).

Nikamjibu kwa mbwembwe, ile nyekundu ni ya baridi, ile ya bluu ndo ya moto. Dogo akaniangalia kama namdanganya. "Mjomba, dispensa ya maji bomba jekundu si ndo la moto?" Nikakwama hapo hapo, mtu mzima na mvi zangu mbili.

Nimeingia kusoma siku 4 sijalala vizuri. Nilichokigundua ni kwamba karibu kila kitu tunachokijua kuhusu nyota, joto, ukubwa, imetengenezwa na nini, ina umri gani, inaenda wapi, tumekitoa kwenye mwanga wake tu. Hakuna aliyekwenda, hakuna aliyeleta kijiwe. Mwanga unafika hapa umechoka na safari ya miaka mamia lakini bado umebeba stori yote. Nimeleta huku ili wenye nondo washushe na mimi nitachangia nilichopata.

Kaa la Moto

Siti ya mbele, na karanga zangu.

Sema Kweli

Mkuu hii ni chai. Nani alienda na kipimajoto huko? Wanakaa kwenye viyoyozi wanaandika 3,000, 12,000, sisi tunakariri. Mtu hajui hata kisima chake kina maji kina cha mita ngapi ila anajua joto la nyota. Nipo nasubiri ushahidi, sio maneno.

Fundi Geti

Sema Kweli ngoja nikujibu mimi ambaye sijasoma sana. Nachomelea mageti na grili mwaka wa 14 huu na kabla ya hapo nilikuwa kwa mhunzi. Chuma ukikiweka kwenye makaa yenye feni, mwanzo hakibadiliki rangi kabisa ila ukikishika unaacha ngozi. Baadae kinakuwa chekundu cha giza, baadae chungwa, kinaingia manjano, ukiendelea kupuliza kinakuwa cheupe na hapo ukizubaa kinaanza kumwaga cheche kinaharibika. Mimi nikitaka kukunja sitafuti kipimajoto, naangalia rangi. Na ukiniletea jiwe au kigae ukakiweka kwenye moto ule ule kitafuata mpangilio ule ule wa rangi, haijalishi ni kitu gani. Kwa hiyo sioni ajabu mtu akiangalia nyota akajua joto, hiyo ni kazi ya kila siku hapa karakana. Nadhani ni hivo, wataalamu mnirekebishe.

Mleta uzi

Fundi hujakosea hata nukta, umesema kitu ambacho wanafizikia walikisumbukia miaka mingi. Kitu chochote cha moto kinatoa mnururisho (mwanga, unaoonekana na usioonekana) wa rangi zote, ila kuna rangi moja kinaitoa kwa wingi kuliko nyingine, na kadiri joto linavyopanda ule wingi unahama kutoka kwenye nyekundu kwenda kwenye bluu. Kile chuma chako cha mwanzo ambacho hakijabadilika rangi nacho kinatoa, ila ni mnururisho wa chini ya nyekundu, infraredi, jicho haliuoni ila kiganja kinausikia ukikisogeza. Mjerumani Wilhelm Wien mwaka 1893 akaiwekea hesabu. Sasa unapima nyota inatoa nyekundu kiasi gani na bluu kiasi gani, unapata joto. Betelgeuse kama kelvini 3,600, Jua letu 5,772, Rigel kama 12,000. Kelvini ni Celsius ukiongeza 273, basi.

Ila angalizo moja, ule mwali wa bluu wa jiko la gesi usiuweke kwenye kundi hili, bluu yake inatoka kwenye kemia ya gesi inayoungua sio kwenye joto. Na lile bomba la dispensa ni mtu tu aliamua kupaka rangi, dogo nimeshamwambia.

Sasa utamu uko hapa. Kuna kanuni nyingine ya Stefan na Boltzmann, joto likiongezeka mara 2, mwanga unaotoka kwenye kila mita ya mraba unaongezeka mara 16. Mara 16 sio mara 2! Chukua Betelgeuse, ni ya baridi kuliko Jua, ukipiga hesabu kila mita ya mraba ya uso wake inatoa kama asilimia 15 tu ya mwanga unaotoka kwenye mita ya mraba ya Jua. Ni dhaifu. Lakini nyota nzima kwa ujumla inatoa mwanga wa Majua makumi elfu. Inawezekanaje? Jibu ni moja tu, lazima uso wake uwe mkubwa kupita kiasi, kama mkaa uliotandazwa uwanja mzima wa mpira, kila kipande kidogo moto wake wa kawaida ila uwanja wote unawaka. Ukiiweka Betelgeuse pale lilipo Jua ingetumeza sisi na ikameza mpaka njia ya Mirihi. Hapo hujatoka kwenye mkeka wako.

Sema Kweli

Kuna sehemu umeruka. Utajuaje inatoa mwanga wa Majua makumi elfu kama hujui iko mbali kiasi gani? Tochi ya karibu inashinda taa ya mbali.

Mleta uzi

Swali la maana hilo, hapo sasa sio ubishi wa kijiweni. Nyoosha kidole gumba, funga jicho la kushoto, alafu funga la kulia, kidole kinahama ukilinganisha na ukuta. Dunia ikiwa upande huu wa Jua na baada ya miezi 6 ikiwa upande wa pili, nyota za karibu zinahama kidogo sana ukilinganisha na za mbali. Mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, Bessel, aliipima hivyo nyota inaitwa 61 Cygni mwaka 1838, leo setilaiti ya Gaia iliyorushwa mwaka 2013 imepima zaidi ya nyota bilioni moja. Ukishajua umbali, kujua mwanga halisi ni hesabu ya sekondari.

Na ile njia ya kulinganisha joto na mwanga ili kupata ukubwa ikageuka upande wa pili wakapata maajabu. Sirius, ile inayong'aa kuliko nyota zote usiku, Bessel huyo huyo mwaka 1844 aliona inayumba yumba njiani kama mtu anayevutwa mkono na mtu asiyeonekana. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark kule Marekani akiwa anajaribu lenzi mpya akamwona mvutaji, kanyota dhaifu karibu mara 10,000 kuliko Sirius yenyewe. Kila mtu akadhani ni ya baridi inazimika. Mwaka 1915 Walter Adams akachambua mwanga wake akakuta kitu cheupe cha moto, leo wanakipa kelvini kama 25,000. Moto mkali hivyo, mwanga kiduchu hivyo, basi uso wake ni mdogo. Uzito kama wa Jua, ukubwa hauifikii hata Dunia yetu. Jua zima limebanwa kwenye kitu kidogo kuliko Dunia wakuu, wanaiita kibete cheupe. Wenyewe hawakuamini kwa miaka.

Kaa la Moto

Swali la kizembe: nyekundu zipo, chungwa zipo, bluu zipo, kijani zimeenda wapi?

Mleta uzi

Sio la kizembe. Nyota ambayo wingi wake unaangukia karibu na kijani tunayo, ni Jua. Ila inatoa na rangi nyingine zote kwa wingi, zikichanganyika jicho linasoma nyeupe.

Dada Kemia

Nimeona rangi inatajwa tu nikasema niingie, maana nafundisha kemia kidato cha 5 na 6 na hapa mmeacha nusu ya kitoweo. Rangi inakupa joto. Haikupi viungo. Viungo viko kwenye mistari.

Mmewahi kuwaona vijana wa skrepa wakichoma nyaya wapate shaba? Ule moto unakuwa kijani. Chumvi ikimwagikia kwenye jiko la gesi mwali unageuka njano, hiyo ni sodiamu. Kila elementi ina rangi zake na haziazimi kwa jirani. Sababu ni kwamba atomu ni kama konda asiye na chenji: nauli 600, ukimpa 500 hapokei, ukimpa 1,000 hapokei, anataka 600 kamili. Elektroni inapanda ngazi kwa nishati kamili tu, na ikishuka inarudisha kiasi kile kile. Na kila elementi ina bango lake la nauli. Sasa mwanga ukitoka ndani ya nyota ukapita kwenye gesi ya juu, atomu zinanyakua zile rangi zenye nauli yao, zinazobaki zinapita. Ukiupitisha huo mwanga kwenye prizimu (kipande cha kioo cha pembe tatu kinachotawanya rangi) unaona upinde wa mvua wenye mistari myeusi, yani rangi zilizonyakuliwa njiani.

Joseph Fraunhofer, yatima aliyekulia kwenye ufundi wa vioo kule Ujerumani, mwaka 1814 aliihesabu kwenye mwanga wa Jua akafika mistari 574. Hakujua ni ya nini, alitaka tu lenzi zake ziwe nzuri. Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Ufaransa, Auguste Comte, akaandika kwamba nyota zimetengenezwa na nini ni jambo ambalo binadamu hatalijua kamwe. Alikufa 1857. Miaka miwili tu baadae, 1859, wanasayansi Kirchhoff na Bunsen pale Heidelberg, Ujerumani, wakaonyesha ile mistari myeusi ya Jua inaangukia pale pale zinapoangukia rangi za sodiamu ikichomwa maabara. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja waliona moto mji wa Mannheim, kilomita kadhaa kutoka dirishani kwao, wakaelekeza kifaa chao wakaona bariamu na stronti ndani ya ule moto. Ndo wakajiuliza kama tunaweza kusoma moto wa mji wa jirani, kwa nini tusisome Jua?

Sema Kweli unataka ushahidi, chukua CD mbovu, izungushie mwanga wa taa mpaka uone rangi. Anza na balbu ya zamani ya waya alafu nenda kwenye tube. Uje useme umeona nini.

Sema Kweli

CD nitaitoa wapi mwaka huu dada, watu wako kwenye flashi. Nitatafuta. Ila je mistari ikiwa mingi ndo kitu ni kingi?

Dada Kemia

Hapo umegusa kidonda, hilo kosa wamelifanya wakubwa wote. Lakini kwanza heliamu. Tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 1868 Jua lilipatwa, Pierre Janssen alikuwa Guntur, India, akachunguza ndimi za moto zilizochomoza pembeni ya Jua. Miezi michache baadae Norman Lockyer akiwa Uingereza akasema ule mstari wa njano sio wa sodiamu, umesogea kidogo, na hakuna elementi yoyote duniani yenye mstari huo. Wakaiita heliamu, kutoka helios, jua kwa Kigiriki. Ikapatikana hapa Dunia mwaka 1895, miaka 27 baadae! Hii gesi ya maputo ya bethidei ilionekana kwanza kwenye Jua.

Sasa kosa. Mwanga wa Jua umejaa mistari ya chuma, kalsiamu na wenzao. Watu wakahitimisha Jua limetengenezwa kama Dunia, ila la moto. Akaja binti wa Kiingereza, Cecilia Payne, kasoma Cambridge na hawakuwa wanawapa wanawake digrii, akavuka kwenda Harvard. Akachukua hesabu za Mhindi Meghnad Saha za mwaka 1920, zinazosema nguvu ya mstari haitegemei wingi tu, inategemea na joto. Rudi kwa konda wangu. Makonda wa hidrojeni kwenye Jua wapo kibao, lakini kwa joto lile karibu wote wamelala ngazi ya chini kabisa ambako hawapokei nauli ya mwanga tunaouona. Wa chuma ni wachache ila wako macho wote wanagombania abiria. Ukihesabu kelele utasema chuma ndo kingi. Payne akarekebisha hesabu kwa kila joto, mwaka 1925 akatoa jibu: nyota karibu zote ni hidrojeni, kisha heliamu, vingine vyote ni vumbi la mezani.

Henry Norris Russell, mkubwa kwenye fani wakati ule, akamwambia hilo haliwezekani. Payne akaandika kwenye tasnifu yake mwenyewe kwamba matokeo hayo karibu hakika si ya kweli. Kijana wa miaka 25 ungefanya nini? Mwaka 1929 Russell kwa njia nyingine akafika pale pale, akakiri binti alikuwa sahihi, ila sifa kwa muda mrefu zikaenda kwake yeye. Mimi huwa nawahadithia wanafunzi wangu wa kike kisa hiki kabla hata ya kuwafundisha jedwali la elementi, na sitaacha.

Mjukuu wa Nahodha

Uzi mtamu. Sisi pwani babu alikuwa anasema "kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua", wakulima na mabaharia walikitumia kujua majira. Hicho nacho mwanga wake unasema nini?

Mleta uzi

Kinasema umri mkuu! Kilimia ukikitazama vizuri nyota zake zinazong'aa zote zinavuta kwenye bluu. Nyota za bluu ni nzito na zinakula mafuta yake kwa fujo, hazizeeki zinakufa mapema. Kama bado zipo basi kundi zima ni changa, wanakadiria miaka kama milioni 100, yani zilizaliwa wakati madainosari wanatembea hapa. Jua letu lina bilioni 4.6, mzee wa mtaa. Na kiko kama miaka ya nuru 440, kwa hiyo mwanga unaouona leo usiku uliondoka kule kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Kijana wa Ngomeni

Hamjambo ndugu wa Bongo. Mimi ni wa huku Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mbona mwazungumza miale ya nyota na hamtaji setilaiti ya Uhuru? Ilirushwa hapa baharini kwetu, kwenye yale majukwaa ya vyuma ya Waitaliano, twayaita San Marco. Wazee wasema siku za kurusha wavuvi walikuwa hawaruhusiwi kukaribia. Lakini ukiuliza vijana ilikwenda kufanya nini, hakuna ajuaye.

Mleta uzi

Ndugu yangu umenifurahisha, hii nilikuwa nimeiweka akiba. Tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1970, Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani ikaruka kutoka jukwaa la San Marco na setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani tu. Mkuu wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, akaiita Uhuru kwa heshima ya siku ile. Kwa nini huko kwenu? Kwa sababu ni karibu na ikweta, Dunia inakusukuma kwa kasi ya bure, na njia ya ikweta inakwepa sehemu zenye mionzi inayovuruga vipimo.

Eksirei ni mwanga pia, ila wenye nguvu kubwa, angahewa linazizuia (na tushukuru), ndo maana lazima upande juu. Gesi ikifika nyuzi mamilioni haiwaki nyekundu wala bluu, inawaka eksirei. Uhuru ilikagua anga zima, orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Eksirei zake zilikuwa zinapepesa chini ya sekunde moja. Sasa fikiri kama fundi, mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kitu kikubwa hakiwezi kupepesa chote kwa pamoja haraka kuliko muda wa mwanga kukivuka. Basi hicho kitu ni kidogo. Wakatafuta pale pale kwa darubini za kawaida wakakuta nyota kubwa ya bluu, na mistari yake ile ya Dada Kemia inasogea kwenye bluu, inarudi kwenye nyekundu, kila siku 5.6. Ni kama honi ya basi la mkoani, likija sauti ni nyembamba, likishakupita inakuwa nene. Mistari ikisogea bluu nyota inakuja, ikisogea nyekundu inaondoka. Kwa hiyo nyota ile inazungushwa na kitu kizito kisichoonekana. Vipimo vya mwaka 2021 vinakipa uzito wa Majua 21. Shimo jeusi, wakuu. Kitu kisichotoa mwanga wowote, kimekamatwa kwa mwanga wa jirani yake na wa gesi inayotumbukia ndani. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile alipata Nobel mwaka 2002. Na mwanzo wake ni hapo baharini kwenu mnapovua.

Kijana wa Ngomeni

Wallahi sikujua. Kesho naenda kumweleza mzee, yeye alidhani ni mambo ya simu.

Sema Kweli

Narudi kama nilivyoahidi. CD nimepata, ya kwaya, ipo kabatini tangu enzi za deki. Balbu ya waya ya bafuni imetoa rangi zimeungana mwanzo mwisho. Tube ya jikoni imetoa vipande, kijani peke yake kimekaa, zambarau imekaa mbali huko, katikati kuna giza. Nimerudia mara 3 nikidhani CD ina mikwaruzo. Sawa, mistari ipo, nimeiona kwa macho yangu. Hiyo ya shimo jeusi bado naitafuna. Swali, zile taa za barabarani za zamani za rangi ya chungwa nazo zitatoa nini?

Dada Kemia

Ndani zina mvuke wa sodiamu, kaka yake chumvi. Njano itakuwa na nguvu kuliko wengine wote. Kaangalie.

Sema Kweli

Natoka sasa hivi. Ila mama ameshaanza kuulizia CD yake.